Kalamu ya wino ya zamani imegoma: tafuta ugonjwa kabla ya kugusa nibu

Kalamu nyingi za wino zinazotoka kwenye makasha ya wazee hapa Lamu si mbovu. Zimekauka, zimeziba, au mpira wake umekufa. Nibu, ile ncha inayoandika, ambayo ndiyo kila mtu huikimbilia na koleo mkononi, mara nyingi ni nzima kuliko kitu kingine chochote ndani ya kalamu ile, tena ndiyo sehemu ambayo ukiiharibu hutapata nyingine mtaani Langoni wala Mombasa. Kwa hiyo tutaanzia mbali na nibu, tuifikie baadaye.

Anza kwa kuchovya

Kabla hujaifungua kalamu, kabla hujavuta kitu chochote, na ikiwezekana kabla hujalipa, ichovye. Tia wino kidogo kwenye kizibo cha chupa, chovya nibu hadi kile kitundu cha katikati kizame, igusishe ukingoni tone lianguke, kisha andika. Ikiandika vizuri mistari miwili mitatu halafu ikakauka, nibu haina neno. Shida iko nyuma yake, kwenye ule ulimi mweusi ulio chini ya nibu au kwenye mtambo wa kuvuta wino. Ikigoma hata baada ya kuchovywa, au ikakwaruza, hapo nibu ina kesi ya kujibu. Muuzaji anayekuambia kalamu ni nzima lakini hataki uichovye, mshukuru uende zako.

Haivuti wino

Kalamu nyingi za nusu ya kwanza ya karne ya 20 zina kifuko cha mpira ndani ya mwili. Walter Sheaffer wa Marekani alipata hataza ya wenzo wake mwaka 1908: kile kijiti cha chuma kilicholala ubavuni mwa kalamu, ambacho ukikiinua hubana kifuko kupitia bamba jembamba la chuma, na ukikirudisha kifuko hujaa na kunyonya wino. Baada ya hapo viwanda vingi vikafuata njia hiyohiyo. Mpira wa namna hii hauishi milele, na kwa joto la pwani huzeeka upesi zaidi.

Inua wenzo polepole kwa ukucha. Ukihisi ukaidi, kama kwamba kuna kitu kigumu chini yake, acha hapohapo. Kifuko kimegeuka jiwe, na ukilazimisha utavunja wenzo au utapasua mwili. Ukiinuka na kulegea bila upinzani wowote, bamba la ndani limelika kwa kutu au limevunjika, jambo la kawaida kwa kalamu iliyokaa miaka mingi karibu na bahari. Ukiinuka sawasawa na kurudi vizuri, tumbukiza nibu kwenye glasi ya maji na uusukume tena. Mapovu yakitoka kwa nguvu, kifuko bado kinashika hewa. Pasipo na mapovu, kuna tundu mahali, au kifuko kimeshakuwa vipande. Tikisa kalamu karibu na sikio; mara nyingi utavisikia vikicheza ndani.

Kubadilisha kifuko ni kazi anayoiweza mtu wa kawaida, mradi asiwe na haraka. Shingo ya kalamu, pale vidole vinaposhika, imeingizwa kwenye mwili na mara nyingi kugandishwa kwa shelaki, ile gundi ya magamba ya rangi ya kahawia ambayo mafundi wa fanicha huiyeyusha kwenye spiriti. Shelaki hulegea kwa joto la wastani. Tumia mashine ya kukaushia nywele, zungusha kalamu muda wote, na iguse shavuni kila mara: joto usiloweza kulivumilia shavuni, kalamu nayo hailiwezi. Usitumie moto wa mshumaa wala wa jiko hata kidogo. Seluloidi, ambayo ndiyo plastiki ya rangirangi ya kalamu hizi, hushika moto kwa kasi ya kutisha. Shingo ikianza kusogea, ivute taratibu huku ukiipeleka kulia na kushoto kidogo. Ikiwa ni ya kuskurubu, ifungue kama skurubu.

Vifuko vipya vya lateksi huuzwa kwa namba, na namba hiyo ni kipenyo chake kwa sehemu za 64 za inchi. Namba 16, kwa mfano, ni robo inchi. Chagua kinachoingia ndani ya mwili kikabaki na nafasi, kikate kwa urefu ambao hakitagusa mwisho, kigandishe kwa shelaki kidogo, na ukipake poda kavu kabla ya kukirudisha. Gundi za papo kwa papo za dukani ziache kabisa. Atakayefungua kalamu hiyo baada yako, hata kama ni wewe mwenyewe, hataweza kuifungua bila kuivunja.

Kuna kalamu ambazo ushauri wangu ni huu: usizifungue kwanza. Parker Vacumatic, iliyoanza kuuzwa 1933, inavuta kwa kiwambo cha mpira kilichofungwa kwa namna inayotaka kifaa chake maalumu. Sheaffer Snorkel ya 1952 ina kijibomba kinachochomoza chini ya nibu, pamoja na mipira ya kuzuia hewa ambayo yote hufa kwa umri. Parker 61, iliyotoka 1956, haina kifuko. Matoleo yake ya kwanza yalinyonya wino yenyewe kwa kusimamishwa ndani ya chupa mkia ukiwa chini na nibu ikiwa juu, na wino ukikaukia mle ndani kuusafisha ni shughuli ya siku nyingi. Zote ni kalamu nzuri sana. Si za kujifunzia.

Ya kujifunzia, kwa maoni yangu, ni Parker 51 yenye mtambo wa Aerometric ulioanza 1948. Ukifungua mwili unakuta ala ya chuma yenye ubapa wa kubonyeza, na ndani yake kifuko cha plastiki angavu, si mpira, na vingi kati ya hivyo vinafanya kazi mpaka leo. Esterbrook ya aina ya J nayo inafaa, kwa kuwa nibu yake hufunguliwa kwa kuzungushwa na kubadilishwa na nyingine, ingawa nibu hizo ni za chuma na bahari yetu haina huruma na chuma. Asiyetaka kutoa fedha nyingi ajaribu mkono kwenye Hero 616 ya China, iliyoiga umbo la Parker 51. Akiiharibu, hatalia sana.

Imejaa wino lakini haiandiki

Hapa ndipo kalamu nyingi za Lamu zinapoangukia, na dawa yake ni maji na subira. Wino uliokauka ndani ya ulimi umeziba vijia ambavyo ni vyembamba kama unywele. Ukijaza wino mpya juu yake, unaongeza tope.

Kwanza jua kalamu yako imetengenezwa kwa nini, maana si kila kalamu hulowekwa. Eboniti, yaani mpira mgumu mweusi wa kalamu za zamani zaidi, ikilowa hugeuka rangi ya kahawia au kijani chafu, hasa ikiwa imeshakaa juani. Rangi hiyo hairudi kwa kuosha. Kaseini, plastiki iliyotokana na maziwa, hufyonza maji na kuvimba hadi kupasuka. Usipokuwa na hakika, lowesha nibu na ulimi peke yake kwenye maji ya kina kifupi, mwili ubaki juu.

Sasa maji yenyewe. Visima vingi vya mjini vina chumvichumvi, na chumvi ikikaukia ndani ya ulimi umehamisha tatizo tu. Maji ya jabia, yaani birika la maji ya mvua, yanafaa ukiyachuja kwa kitambaa safi, na ya chupa ni bora kwa suuza ya mwisho. Yawe baridi au ya uvuguvugu mdogo. Maji ya moto hupindisha seluloidi na kulegeza shelaki ambayo hukutaka ilegee.

Chukua bomba la sindano kutoka duka la dawa, bila sindano yake, na usukume maji taratibu kupitia shingo ikiwa imefunguka. Kama haifunguki, jaza na kumwaga kwa mtambo wake wenyewe mpaka yatoke meupe. Yakitoka meupe usishangilie bado. Kunja tishu, igusishe kwenye nibu, na uache kalamu imesimama kichwa chini ndani ya kikombe hadi asubuhi. Doa la buluu kwenye tishu linakwambia mle ndani bado kuna wino. Parker 51 ndiyo hodari wa kudanganya hapa, kwa sababu chini ya kile kifuniko kinachoificha nibu kuna kihifadhi wino chenye mapezi mengi membamba, na kila ukidhani imetakata inatoa rangi tena. Rudia tu.

Wino mkaidi unaitikia mchanganyiko wa amonia ya kusafishia nyumba, sehemu moja kwa maji sehemu kumi, pamoja na tone la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Iwe kwa muda mfupi, kisha suuza sana. Spiriti usiisogeze: inakula seluloidi na kuyeyusha shelaki.

Kama mwenye kalamu wa kwanza alikuwa mwandishi wa khati, uliza kabla ya kuloweka. Mji huu una hazina ya miswada, ikiwamo ile ya Msikiti wa Riyadha, na mikono iliyozoea kalamu ya utete haikuona ubaya kutia wino uleule wa masizi na gundi ndani ya kalamu ya kisasa. Wino huo kwenye utete hauna mfano. Ndani ya ulimi wa kalamu ya wino hugeuka saruji, na wino mweusi wa kuchorea wenye shelaki ndani yake ni vivyo hivyo. Kalamu iliyozibwa namna hii inaweza kukataa maji kabisa, na hapo ni kumpa fundi aichomoe nibu na ulimi.

Na mara nyingine kalamu haina hatia, karatasi ndiyo ina mafuta. Umekula halwa, ukaegemeza kiganja kwenye ukurasa, na wino ukifika pale unaruka. Weka karatasi ya akiba chini ya mkono.

Inaandika ukiikandamiza tu

Sasa tumefika kwenye nibu. Meno yake mawili yamebanana hata wino haupiti kati yake. Chukua lensi ya fundi saa, elekeza nibu kwenye mwanga, na utazame mpasuko. Unapaswa kuona uzi mwembamba wa mwanga ukipungua kuelekea nchani, ambapo meno hugusana kidogo tu. Ikiwa hakuna mwanga mahali popote, pitisha ukanda mwembamba wa shaba nyeupe, wa unene wa sehemu tano kati ya mia za milimita moja hivi, kati ya meno, kwenda na kurudi kwa upole. Mara nyingi unatoka na uchafu mweusi, na uchafu huo ndio uliokuwa ukizuia wino. Wembe una makali, utakwangua dhahabu. Na kuandika kwa nguvu ili "kuilegeza" ndiko kunakozipotosha nibu za wanaotoka kwenye biro. Kalamu ya wino huandika kwa uzito wake yenyewe.

Inakwaruza

Kabla ya kusugua chochote, itazame nibu kutoka mbele, uso kwa uso. Ncha zile mbili ndogo za madini magumu zinatakiwa kuwa sawa. Moja ikiwa juu ya nyingine, hicho ndicho kikwaruzo. Isukume ile ya juu ishuke kwa ukucha wa kidole gumba, kidogo sana, jaribu, tazama tena. Asilimia kubwa ya mikwaruzo inaishia hapo.

Zikiwa sawa na bado inakwaruza, izungushe kalamu mkononi kidogo kulia, kisha kushoto, huku ukiandika. Ncha huliwa kwa pembe ya mkono wa aliyeitumia. Wazee wengi wa hapa waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, na kalamu ya mtu aliyeandika hivyo maisha yake yote inaweza kuwa na uso uliolika mahali ambapo mkono wako haufiki. Ukiipata ile pembe, inateleza. Mimi kalamu za namna hii huziacha kama zilivyo na kujifunza mshiko wake, ingawa najua wengine hawana subira hiyo.

Wasio nayo watumie karatasi laini kabisa ya kusugulia, ya daraja la 12,000, kwa kuandika juu yake namba nane mara chache bila kukandamiza. Hata karatasi ya kaki ya mifuko ya dukani inatosha kwa ukwaruzo mdogo. Ukizidisha, kingo za ndani za mpasuko zitaviringika, wino utabaki ndani usiguse karatasi, na utakuwa na kalamu laini ambayo kila asubuhi inakataa kuandika herufi ya kwanza.

Wino unachanua kwenye karatasi

Kalamu haina kosa. Daftari za shule za bei nafuu zina karatasi inayokunywa wino, na unyevu wa masika huzidisha. Jaribu karatasi nyingine, nibu nyembamba zaidi, au wino usiotiririka sana. Na kwa hati, kama vile ya ndoa au ya mauziano ya shamba, usitumie buluu ya kufulika ya watoto wa shule. Ikipata maji imekwenda. Wino wa chuma na tanini, unaoandika buluu na kugeuka mweusi kadiri hewa inavyoupata, ndio ulioshika kazi za madaftari ya serikali kwa muda mrefu. Hauchezewi lakini: ukikauka huziba, na hula nibu ya chuma. Uweke kwenye kalamu yenye nibu ya dhahabu, yenye alama ya 14K au 585, na uisafishe mara kwa mara.

Chupa ya wino iliyokutwa kabatini imebaki nusu, yenye utando juu au harufu ya uvundo, mwaga. Ni kuvu, na ikiingia kwenye kalamu moja itahamia kwenye chupa inayofuata na kalamu zote zitakazonywea humo.

Imepata kutu, imegeuka rangi, inanuka

Dhahabu haishiki kutu. Wenzo, bamba la ndani, klipu na nibu ya chuma vinashika. Dirisha linalotazama bandari ni mahali pazuri pa kuandikia na pabaya pa kuwekea kalamu. Futa kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza, na weka zile pakiti ndogo za kunyonya unyevu zinazokuja ndani ya maboksi ya viatu. Usiposafisha kalamu ya nibu ya chuma kabla ya kuiweka, nyumba ya Shela au ya Mkomani ni mamoja.

Seluloidi ya rangi nyepesi, hasa ya kijani kibichi na ya lulu, hugeuka hudhurungi kutokana na gesi ya salfa inayotoka kwenye kifuko cha mpira kilicho ndani yake. Hakuna dawa ya kuirudisha. Usizibe kalamu hizo kwenye kopo lisilopitisha hewa. Na ukiona seluloidi imeanza kupata nyufa ndogondogo za ndani, inanuka kafuri kali au tindikali, na klipu yake inakuwa ya kijani, itenge siku hiyohiyo. Imeanza kuoza, na mvuke wake huozesha zilizo jirani.

Inavuja, inatema madoa

Wino ndani ya kifuniko baada ya safari ya mashua kutoka Mokowe si ugonjwa. Kalamu imerushwarushwa, futa, endelea.

Inayotema tone zito inapokaribia kuisha, hiyo ni hewa. Kifuko kikiwa na wino kidogo na hewa nyingi, joto la mkono linaipanua hewa, nayo inausukuma wino. Wakati wa kaskazi, mchana, kalamu mfukoni mwa shati inaweza kufanya hivyo hata hujaishika. Ijaze mapema, usisubiri iishe.

Inayovuja ikiwa imejaa ni jambo jingine. Kifuko kina tundu dogo, au shingo ina ufa, au nibu na ulimi vimeachana. Paka poda kwenye shingo iliyokauka, jaza maji, na uone wapi poda inalowa. Ufa wa kifuniko, kwenye mdomo wake, hauvujishi wino lakini unapitisha hewa, na hiyo ndiyo kalamu inayokauka kila ukiiacha kwa saa chache ukidhani ulimi umeziba. Nibu na ulimi vikiwa vimeachana, na ulimi ni wa eboniti, fundi huutumbukiza kwenye maji ya moto sana kwa sekunde chache na kuubana dhidi ya nibu hadi upoe. Ulimi wa plastiki haukubali kutibiwa hivyo.

Kwa wanaopaa kutoka uwanja wa ndege wa Manda kwenda Nairobi: shinikizo la hewa hupungua ndege inapopanda, na hewa iliyo ndani ya kalamu hutafuta njia kupitia wino. Kwa hiyo kalamu ipande ikiwa imejaa kabisa au tupu kabisa, nibu ikitazama juu mfukoni muda wote, na usiifungue mpaka ndege imetulia angani. Kutua hakuna hatari hiyo, kwani hapo hewa inaingia, haitoki. Parker 51 yako bado ndiyo yenye nafasi kubwa zaidi ya kufika uwanja wa ndege wa Wilson bila doa, kwa sababu yale mapezi yaliyokusumbua wakati wa kuosha ndiyo yanayodaka wino unaosukumwa.